Mastazi ya usalama wa kimataifa: namna ya kuipata ukianzia Mtwara au popote ulipo

Kila mwaka ikifika mwezi wa 8 hivi simu yangu inaanza kuita, "kaka ile mastazi yako ya mambo ya usalama uliipataje", na kila mwaka najibu yale yale kwa vipande vipande usiku wa manane, mwingine namtumia voice ya dakika 11 hasikilizi, sasa nimeamua niandike yote mara moja atakayeuliza nimpe asome.

Nijitambulishe kidogo ili ujue naongelea wapi. Mi ni mtoto wa Mtwara, digrii ya kwanza nilisoma siasa Dar, nikafanya kazi shirika dogo miaka mitatu, nikaenda Uingereza mwaka mmoja, nikarudi. Sio mwanajeshi, sio usalama wa taifa, hili nalisisitiza kwa sababu mjomba wangu mpaka leo nikiingia sebuleni anapunguza sauti ya redio.

Hatua ya 1: ujue kwanza unaomba kitu gani

Hii digrii haikufundishi kushika bunduki wala kumfuatilia mtu. Ni kusoma na kuandika, basi. Maswali yake makubwa ni kama haya: nani anatishiwa, anatishiwa na nini, nani aliyetangaza kwamba hicho ni tishio, na nani anabeba gharama ya hiyo hofu. Zamani ilikuwa zaidi mambo ya dola na majeshi na silaha za nyuklia, alaf mwaka 1994 ripoti ya maendeleo ya binadamu ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ikaleta kwa nguvu wazo la usalama wa binadamu, yaani njaa nayo ni usalama, maradhi nayo, mazingira nayo, na tangu hapo uwanja umetanuka mpaka wengine wanalalamika sasa kila kitu ni usalama.

Kuna hoja moja ya wale wanazuoni wa usalama wanaoitwa watu wa Copenhagen utaisikia wiki ya pili tu ya darasa, wanasema jambo halizaliwi likiwa tishio, linafanywa tishio na mtu mwenye mamlaka akilisema hivyo na wasikilizaji wakakubali. Wenzangu darasani walitoa mifano ya Ulaya huko, mi nikatoa Dadaab, ile kambi kubwa ya wakimbizi kule Kenya: mwaka 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kuifunga kambi kwa hoja ya usalama, wakimbizi wale wale waliokuwa suala la kibinadamu wakageuka suala la ugaidi, Februari 2017 Mahakama Kuu ikazuia. Mwalimu akaandika pembeni.

Majina ya kozi yasikuchanganye. Ukiona War Studies au Strategic Studies, tegemea vita vyenyewe, historia yake, majeshi na sera, King's College London ndo maarufu kwa hilo. Ukiona Peace and Conflict, ni vyanzo vya migogoro, usuluhishi, na sehemu kama Uppsala kule Sweden jiandae na takwimu, sio maneno matupu. Ukiona Terrorism, St Andrews wana kituo chao tangu 1994. Leiden wana kozi pale The Hague ya kushughulikia majanga na usalama, hiyo imeegemea zaidi utawala. International Security yenyewe ni mchanganyiko. Usichague kwa jina, fungua orodha ya masomo uone wanasoma nini wiki kwa wiki, maana nimeona kozi mbili zenye jina moja kabisa, moja ni nadharia mwanzo mwisho, nyingine karibu yote ni usalama wa mitandao.

Hatua ya 2: tafuta swali kabla hujatafuta chuo

Hapa ndo watu wengi wanaanguka na mi nilianguka hapa hapa. Mwaka wa kwanza kuomba skolashipu niliandika kwamba dunia inakabiliwa na changamoto nyingi za ugaidi, uharamia na mabadiliko ya tabianchi na mimi kama kijana nina shauku ya kuleta amani Afrika. Nilitoswa hata intavyuu sikuitwa. Nilinuna kama wiki mbili nikisema hawa watu wana wenyewe. Siku moja naisoma tena ile karatasi nikajiuliza, hivi hii ingeandikwa na mtu wa Peru au Ufilipino ingetofautika nini? Hakuna. Ni kubadilisha tu neno Afrika.

Sasa ngoja nikwambie nilichokuwa nacho mkononi na sikukiona. Shangazi yangu alikuwa anafanya biashara ya kuvuka Ruvuma, anapeleka khanga na sabuni upande wa Palma, jimbo la Cabo Delgado kule Msumbiji, anarudi na samaki wakavu na wakati mwingine kamba. Kule anaongea Kiswahili na Kimakonde na wanaelewana vizuri tu, Wamwani, watu wa pwani ile, wenyewe lugha yao ina maneno kibao ya Kiswahili. Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mji mwingine wa jimbo hilo hilo, ikavamiwa na wapiganaji wenye silaha, wengi Dar hata hawakusikia, lakini shangazi aliniambia kitu: wateja wake walianza kununua vitu vidogo vidogo, robo badala ya kilo, na hawakopi tena. Mtu asiyekopa maana yake hana uhakika kama wiki ijayo atakuwepo. Baadae akaacha kabisa kuvuka. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, huku kwetu upande wa Tanzania, kikavamiwa. Machi 2021 Palma ikapigwa, dunia nzima ikashtuka, na sababu kubwa ya kushtuka ilikuwa ule mradi wa gesi.

Swali langu likawa hili: kwa nini wafanyabiashara wadogo wa mpakani walijua mambo yanaharibika miaka kabla ya wakubwa kuchukua hatua, na kwa nini hakuna aliyekuwa anawauliza? Mistari miwili tu. Lakini ukiwa na hilo swali kila kitu kinajipanga, chuo gani kina mwalimu wa usalama wa mipakani au Msumbiji, masomo gani uchague, stetimenti, ile barua ya kujieleza ya maombi, useme nini, tasnifu iwe nini, na ukirudi unarudi kufanya nini.

Wewe wa Bukavu una lako, wewe wa Lamu unalo, wa Kigoma unawajua wakimbizi wa Burundi kuliko profesa yeyote wa Geneva, wa Mombasa umeona mizigo ilivyochelewa meli zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema baada ya Wahouthi wa Yemen kuanza kushambulia meli Bahari Nyekundu mwishoni mwa 2023. Kiswahili chenyewe ni mtaji hapo, maana wako watafiti wanaandika kuhusu Kivu na pwani ya Kenya na Cabo Delgado kupitia mkalimani, wewe unasikia mwenyewe mpaka kile ambacho mtu hakutaka kusema.

Kama huna swali bado usilazimishe, kaa miezi miwili soma taarifa, ongea na watu, litakuja.

Hatua ya 3: wapi

Sio lazima ng'ambo. Nasema hivi nikiwa nimeenda ng'ambo. Chuo Kikuu cha Nairobi wana mastazi za mambo ya kimataifa na za kushughulikia migogoro zenye jina zuri, na utasoma na maafisa wa serikali na wanajeshi wa kanda hii, hao ndo utakaofanya nao kazi baadae. Addis Ababa kuna taasisi ya amani na usalama ndani ya chuo kikuu, IPSS, ipo tangu 2007, na faida yake Umoja wa Afrika uko hapo hapo mjini. Dar kuna Chuo cha Diplomasia pale Kurasini ambacho sasa kina jina la Dr. Salim Ahmed Salim, kwa mtu ambaye digrii yake ya kwanza ni uhasibu au ualimu na anataka kuhama, postgraduate diploma ya pale ni daraja zuri. Chuo cha Taifa cha Ulinzi Kunduchi usijisumbue kutafuta fomu mtandaoni, kule watu wanateuliwa na taasisi zao.

Ng'ambo unaenda kwa sababu mbili za maana, maktaba na watu utakaokutana nao. Kama sababu yako ni ya tatu, unaijua mwenyewe, sitakuhukumu, ila soma hatua ya viza kwa makini.

Uingereza kozi ni mwaka mmoja, ni haraka lakini ada kwa mgeni ni kama pauni 20,000 mpaka 30,000 na London inapita hapo. Ujerumani vyuo vingi vya umma havichukui ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg wanaotoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, ila utatakiwa kuonyesha pesa ya kujikimu kwenye akaunti maalum iliyofungwa, euro 11,904 kwa mwaka. Kuna mastazi ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, inaitwa IMSISS, miaka miwili unazunguka, inaongozwa na Glasgow pamoja na Dublin, Trento na Prague, ukipata skolashipu yake wanakupa euro 1,400 kwa mwezi. Ushindani wake usiuchukulie poa.

Hatua ya 4: pesa, na kalenda yake

Kosa kubwa ni kudhani unapata chuo kwanza ndo unatafuta skolashipu. Mara nyingi vinaenda pamoja na skolashipu inafunga mapema kuliko chuo. Yaani ukitaka kuanza Septemba, mwaka mzima kabla uwe umeshaanza.

Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Wanataka saa 2,800 za kazi, ambayo ni kama miaka miwili, na saa za kujitolea na za intern zinahesabika kwahiyo usijitoe mapema. Unachagua kozi tatu. Intavyuu ni kati ya Februari na Aprili, majibu Juni. Na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili, hilo wapo serious nalo.

Commonwealth, yaani skolashipu ya Jumuiya ya Madola ya kusoma Uingereza, ni nzuri na watu wa kwetu wanaisahau. Moja ya mada zao za maendeleo ni amani, usalama na utawala bora, yaani wameweka mlango wazi kabisa kwa ajili yako. Aina yake moja inayoitwa Shared imelenga watu ambao bila hiyo wasingeweza kusoma Uingereza, na ukishasoma mwaka mzima au zaidi nchi tajiri hawakuchukui. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda wote tumo.

DAAD, shirika la Ujerumani la skolashipu, wana mpango unaitwa Helmut Schmidt, maombi huwa Juni na Julai, na ndani yake kuna kozi ya amani na migogoro pale Magdeburg. Digrii yako ya kwanza isiwe imezeeka sana, mwisho miaka 6.

Rotary Peace Fellowship hii ndo siri ambayo sio siri. Inalipa kila kitu, mastazi unaweza kusoma Bradford au Uppsala na kwingine, wanataka uzoefu wa miaka 3. Ukiwa na miaka 5 na hutaki kuacha kazi na familia mwaka mzima, kuna cheti chao Makerere pale Kampala. Dirisha lao ni Februari mpaka katikati ya Mei. Huhitaji kuwa mwanachama wa Rotary, na wanachama wenyewe hawaruhusiwi kuomba.

Andika tarehe zote kwenye karatasi bandika ukutani. Simu inaibiwa.

Hatua ya 5: makaratasi

Transkripti iombe leo. Sio wiki ijayo. Yangu ilichukua wiki sita kwa sababu aliyetakiwa kugonga muhuri alikuwa likizo na aliyekaimu hakuwa na funguo ya droo yenye muhuri, nilienda pale mara nne, mara ya nne nikakuta muhuri umepatikana wino umekauka. Ukiipata toa nakala kadhaa zithibitishwe na mwanasheria, skani vizuri kwa skana ya kweli, ile ya kupiga picha juu ya kitanda cha maua inakushusha.

GPA: vyuo vingi vya Uingereza wanataka sawa na upper second, kwa mfumo wa alama 5 wa Tanzania ni kuanzia 3.5. Ukiwa na 3.2 usife moyo, kuna vyuo vinaangalia uzoefu wa kazi, ila stetimenti yako ibebe mzigo zaidi, na usijaribu kujieleza kwa aya nzima kwamba mwaka wa pili uliugua. Sentensi moja inatosha.

Kiingereza: mtihani wa IELTS, alama 6.5 hadi 7 kwa kozi hizi maana ni za kuandika. Matokeo yanadumu miaka 2. Lakini kabla hujalipa uliza chuo kama wanakubali barua kwamba digrii ya kwanza ulisoma kwa Kiingereza, vingine vinakubali, unaokoa hela nyingi.

Rekomendesheni usimpe mtu mkubwa asiyekujua. Mkuu wa mkoa ataandika mistari mitano ya "namfahamu kuwa kijana mwadilifu". Mwalimu wako wa tasnifu aliyekukosoa mpaka ukalia anaandika kurasa mbili. Mtumie mapema CV, rasimu ya stetimenti, na tarehe ya mwisho ambayo umeisogeza nyuma wiki mbili, unaelewa.

Hatua ya 6: stetimenti

Nilivyoandika mwaka wa kwanza nimeshakuonyesha. Mwaka wa pili nilianza hivi, kwa Kiingereza lakini maana yake ni hii: "Mwaka 2018 wateja wa shangazi yangu ng'ambo ya Ruvuma waliacha kukopa sabuni. Nilichukua miaka mitatu kuelewa kwamba hiyo ilikuwa taarifa ya usalama." Aya ya pili nikasema nilifanya nini kuhusu hilo kazini, tulihoji wachuuzi 40 wa mpakani, mi ndo niliandika maswali, na nikakiri kwamba sikujua namna ya kuyachambua majibu yao ipasavyo. Aya ya tatu, ndo maana nahitaji somo fulani na fulani la chuo chenu, yenye majina yake. Aya ya nne, narudi kufanya nini na ofisi gani.

Ona hiyo ya tatu inavyobebwa na ya pili. Umeonyesha tundu kwenye ujuzi wako, kozi yao ndo kiraka. Ukijionyesha unajua kila kitu sasa unaenda kusoma nini?

Tahadhari ambayo ni ya fani hii tu: ukiwa umefanya kazi polisi, jeshini, au serikalini, usiandike vitu vya ndani ili uonekane mzito. Kwanza ni kosa kisheria, pili anayesoma anajiuliza huyu akija kwetu atatoka na nini. Sema majukumu, usiseme operesheni. Na usitaje majina ya watu uliowahoji sehemu za hatari, hata kwenye fomu ya maombi.

Mpe mtu mmoja mkali asome. Mmoja. Ukiwapa saba utaishia na uji.

Hatua ya 7: intavyuu

Watakuuliza utaongoza nini, umeshawahi kuongoza nini, kwa nini nchi hii, ukirudi utafanya nini. Jibu kwa tukio, sio kwa sifa. Jiandae na swali la kisiasa la kwenu maana nilipigwa nalo: "unaonaje jeshi la Rwanda kuingia Cabo Delgado kabla ya SADC?" Wanyarwanda walifika Julai 2021, kikosi cha SADC kikaingia mwezi huo huo na kikaondoka Julai 2024. Hawatafuti upande wako, wanatafuta kama unaweza kueleza kwa nini Msumbiji ingekubali hivyo bila kupayuka. Vaa vizuri, washa jenereta ya jirani kama umeme wenu wa kubahatisha.

Hatua ya 8: viza

Nitaongelea ya Uingereza ninayoijua. Chuo kinakupa namba ya CAS, yaani uthibitisho kwamba wamekupokea, unaomba mtandaoni, unapeleka alama za vidole, unapima TB kwenye kliniki waliyoidhinisha wao, sio hospitali ya jirani. Ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka na kwa kozi ya mwaka mmoja unalipa zaidi ya hapo kwa vile viza inavuka mwaka.

Ukijilipia, pesa ya kujikimu ilipandishwa Novemba 2025 kuwa pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 London, kwa miezi 9, yaani 10,539 au 13,761, ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Rafiki yangu alitoa laki mbili siku ya 19 kwa ajili ya msiba, salio likashuka chini kidogo tu, viza ikakataliwa. Msiba wa kweli kabisa, na hakuna mahali pa kuuelezea kwenye fomu. Ukiwa na skolashipu kamili ya serikali barua yao inatosha. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa mastazi ya darasani haruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto, isipokuwa anayelipiwa na serikali, hili liongeleeni nyumbani kabla hujatuma maombi, sio siku ya kukata tiketi. Ukimaliza unaweza kubaki kutafuta kazi miaka 2, ila atakayeomba kuanzia 1 Januari 2027 ni miezi 18.

Mtanzania, kabla hujaondoka shughulikia ile barua ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya kutokuwa na pingamizi. Wengi wanaikumbuka wakiwa wamesharudi.

Hatua ya 9: ukifika

Kozi ya Uingereza ni krediti 180, 120 za madarasa na 60 za tasnifu. Saa za darasani ni chache mpaka utadhani umeibiwa, mi nilikuwa na saa kama 6 kwa wiki, kumbe zingine zote ni za kusoma, makala nane kumi kwa somo moja. Hawasomi zote wale wenzako wanaoongea sana, nimewachunguza. Soma utangulizi, hitimisho, alaf hoja moja unayokubaliana nayo na moja unayoipinga, nenda nazo darasani.

Kutakuja wiki ya kuingilia kijeshi kwa sababu za kibinadamu na hapo utashangaa, mifano mitatu ya zamani inayorudiwa kila mahali ni India na Pakistani ya Mashariki 1971, Vietnam na Kambodia, na sisi, Tanzania na Uganda 1979. Vita vya Kagera! Darasa zima linageuka kukuangalia. Kumbuka Nyerere mwenyewe hakusema anaenda kuwaokoa Waganda kwa ubinadamu, alisimamia kujilinda baada ya Amin kuvamia Kagera 1978, na hapo ndo utamu wa mjadala ulipo. Babu yako kama alikuwepo mpigie simu kabla ya wiki hiyo.

Tasnifu anza kuiwaza Novemba. Kwenda uwanjani sehemu yenye mapigano, kamati ya maadili na bima ya chuo vitakukatalia, usipoteze miezi ukibishana nao. Mi nilitaka kwenda Palma nikaambiwa hapana, nikahoji kwa simu watu waliokuwa Mtwara tayari, na hata hapo ilibidi nieleze kurasa nzima namna nitakavyoficha majina yao. Ukifanya utafiti Tanzania kibali ni cha COSTECH, Kenya ni NACOSTI, na vinachukua muda wake. Takwimu za bure za vita na mapigano zipo, UCDP ya Uppsala inahesabu mgogoro ukifikisha vifo 25 vya mapigano kwa mwaka, na ACLED inaandika tukio moja moja. Usizimeze nzima nzima. Niliwahi kukuta tukio la kijiji ninachokijua limewekwa wilaya nyingine, na kuligundua hilo kulinipa sura nzima ya tasnifu: nani anaripoti, kwa lugha gani, na nini kinapotea njiani. Pia ripoti za kundi la wataalamu wa UN kuhusu Kongo ziko wazi mtandaoni, ni ndefu lakini viambatanisho vyake ni dhahabu.

Hatua ya 10: kazi

Kazi za ujasusi na ulinzi za Uingereza na Marekani zinataka uraia, toa hiyo kichwani mapema. Kuna wenzangu wawili waliligundua hili Mei, wakiwa wameshamaliza hela.

Huku kwetu milango ni mingi kuliko watu wanavyodhani ila haina mabango. Sekretarieti ya EAC Arusha, sekretarieti ya mkutano wa nchi za Maziwa Makuu iko Bujumbura, kituo cha silaha ndogo RECSA kiko Nairobi, kikosi cha dharura cha Afrika Mashariki pale Karen, ISS, taasisi ya utafiti wa usalama Afrika, wana ofisi Nairobi na Addis. UN kwa vijana kuna mtihani wa kuajiriwa unaitwa YPP, mwisho miaka 32 na nchi yako lazima iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Ambako hawaangalii ni benki, zote zinahitaji watu wa kufuatilia fedha haramu na ufadhili wa ugaidi, wanalipa vizuri na wanalipa kila mwezi, tofauti na konsaltansi za miezi mitatu ambazo nimezifanya mpaka nikazeeka. Kampuni za meli na bima za baharini nazo, hasa Mombasa na Dar.

Kabla hujapanda ndege ya kurudi, pita ofisi ya wahitimu uchukue transkripti mbili kwenye bahasha zilizofungwa kwa muhuri na usizifungue hata mama akitaka kuona maksi. TCU wanahitaji kuitambua digrii yako na waajiri wa serikali wanaulizia hicho cheti cha utambuzi, na ukishafika Dar kuifuatilia transkripti Uingereza kwa emaili ni miezi. Mama mwonyeshe nakala.